Aliyeyapiga Mawe Picha

Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kuliko mwili wake wote, na huo haukuwa weusi wa kuzaliwa nao. Dawa za kusafishia picha ndizo zilizompaka. Alipokaribishwa ugali kwa watu alinawa mara tatu, na bado mwenye nyumba aliutazama ule mkono kabla haujafika kwenye sahani. Yeye alijua anatazamwa, akawa anamega tonge dogo dogo kama mgeni wa mkwe.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na ushei, tangu vita kuu ya pili ilipokwisha, tuligawana baraza moja mjini Shinyanga, mlango wake kushoto, wangu kulia, na ukuta wa udongo katikati. Watu walimwita Fundi Picha, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikotoka sikumuuliza, naye hakunieleza. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyepita miji mingi na kuokota neno moja kila mji.

Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, jicho la shaba mbele na kitambaa cheusi nyuma. Haikutumia filamu ya kuviringisha. Ilitumia vioo, kioo kimoja kwa picha moja, na kila kioo kililala ndani ya kijisanduku bapa cha mbao tulichokiita kibao. Usipokitia kibao nyuma ya kamera hakuna picha, hata ukae ndani ya kile kitambaa mpaka kesho. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Na vioo vyenyewe vilikuwa adimu miaka ile. Vilikuja kwa treni kutoka pwani vilipotaka kuja, na zaidi ya mara moja nimemwona Fundi akirudi stesheni mikono mitupu, amekasirika kama aliyetukanwa.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kupiga watu. Wachimbaji waliotoka Geita na visenti vyao, makarani, maharusi, wafugaji waliouza ng'ombe mnadani wakataka kuonekana kabla hela haijaisha. Nyuma yao alitundika shuka lililochorwa ziwa na maua yasiyoota popote ninapopajua. Shuka hilo alilichukia. Alilitundika kwa sababu bila hilo wateja walikwenda kwa Mhindi.

Kiburi chake kilikuwa ukweli. Alisema, "Kamera ni shahidi, si mshenga." Siku moja alikuja tajiri mmoja wa Maganzo, mnunuzi wa almasi za vichochoroni, akataka apigwe ameshika saa ya dhahabu ya rafiki yake.

"Saa ni yako?" Fundi akauliza.

"Wewe piga tu."

"Ikiwa si yako, mpe mwenyewe nimpige yeye."

Yule bwana alitukana kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kisukuma, akaondoka na saa yake ya kuazima. Lakini koti langu jeusi, ambalo nilimshonea mteja asiyerudi kulichukua, Fundi aliliruhusu. Nusu ya wanaume wa Shinyanga wa miaka ile wamepigwa picha ndani ya koti hilo, warefu kwa wafupi, na wajukuu wao wanaamini kila babu alikuwa na lake. Nilipomuuliza tofauti ya koti na saa, alijibu kwamba koti humsitiri mtu na saa humjivunisha. Nikakubali upesi, maana koti lilikuwa langu na lilinifaa kwa biashara.

Alikuwa na misemo miwili mingine. Wa kwanza: "Anayetikisika hufutika." Huo aliusema kwa kila aliyekaa mbele yake, kwa sababu kamera ile ilitaka mtu atulie kama gogo wakati yeye anahesabu, la sivyo uso ungetoka ukungu mtupu. Wa pili: "Picha haimfuati mtu. Mtu ndiye huifuata picha." Maana yake hakumpelekea mtu picha nyumbani, awe nani. Mzungu mmoja wa bomani alituma gari limchukue yeye na picha za mkewe. Fundi akamwambia dereva bahasha iko rafuni, mwenyewe atakapopita ataikuta. Gari lilirudi tupu. Wiki iliyofuata Mzungu alikuja mwenyewe, uso mwekundu, akaichukua.

Kulikuwa na kitu kingine tulichokijua sisi wawili tu. Mjini hapakosi watu wanaotaka vya bure. Tarishi mmoja wa ofisini alikuwa akija kila mwisho wa mwezi na kanzu safi, akikaa kitini bila kuulizwa. Kwa watu wa namna hiyo Fundi alikuwa na dawa yake. Alimweka sawa, akamnyanyua kidevu, akaingia ndani ya kitambaa, akafunua jicho la kamera, akahesabu mpaka tano kwa sauti nzito, akafunika. Kibao hakukitia. Sisi tuliita hivyo kupiga upepo. Tarishi aliporudi aliambiwa dawa imeiunguza picha. Alipigwa upepo mara nne, na kila mara alikaa vizuri zaidi. Mimi nilicheka mpaka uzi ukanikatikia. Sikuwaza kuwa shahidi wetu alikuwa amejifunza kusema uongo, na kwamba aliyemfundisha hakuwa mwingine ila yeye mwenyewe.

Sasa nije kwenye mawe, maana ndiyo yaliyomfanya asemwe mji mzima.

Atokaye mjini kwa njia ya magharibi, akiisha kupita mashamba ya pamba, hukutana na vilima vya mawe. Ni majabali makubwa yaliyopandana moja juu ya jingine, ya kijivu mchana kutwa, na mtu huyapita bila kugeuza shingo. Lakini jioni, hasa mvua za kwanza zikishapiga na vumbi kulala, jua likitokeza chini ya mawingu kabla ya kuzama, yale mawe hubadilika. Kila ufa huonekana. Jiwe la nyuma hutengana na la mbele. Hudumu muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, kisha basi.

Fundi alikuwa akifunga kamera kwenye baiskeli saa kumi na moja na kwenda huko. Mara nyingi alirudi bila kupiga kitu. Nikimwuliza, husema, "Leo yamelala." Siku za nadra alisema, "Leo yamesimama," na siku hizo hakula mpaka asafishe kioo chake.

Watu walishindwa kumwelewa. Picha isiyo na mtu ndani ni ya nini? Mke wangu aliitazama moja, akaigeuza nyuma, akauliza wenyewe wako wapi. Kilichonishangaza mimi ni kwamba vioo vyake havikuona rangi nyekundu kabisa. Ndiyo sababu aliweza kuvisafisha kwa taa nyekundu bila kuharibika. Jioni ile yote ya moto, ikifika kwenye kioo, ilikuwa kijivu na weusi. Nilimwambia ni kama kiziwi anayehudhuria ngoma. Akasema haendi kwa wekundu, anakwenda kwa vivuli, na kwamba hata kiziwi huona wanavyocheza. Sikuridhika.

Maneno yakazuka kuwa anawatafutia Wazungu dhahabu. Wachimbaji wawili kutoka Masumbwe walimfuata kwa siri jioni tatu. Kila mahali aliposimamisha miguu ya kamera, asubuhi walichimba. Walichimba mashimo matatu yenye kina cha kiuno, katikati ya njia ya ng'ombe, wakapata mawe ya kijivu kama yale ya juu. Ng'ombe mmoja alivunjika mguu, wakalipishwa na mwenyewe. Walikuja barazani kumlaumu Fundi kwamba amewapotosha. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza kama walipokuwa huko jioni waliyatazama mawe. Walitazamana. Walikuwa wameangalia miguu ya kamera tu.

Jioni ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Novemba, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Katika chumba cha Fundi kulikuwa kumebaki kioo kimoja. Sanduku jingine lilitarajiwa kwa treni wiki ile au nyingine. Tangu saa tisa alikuwa akitoka barazani kutazama mawingu ya magharibi, akirudi, akitoka tena.

Ndipo alipokuja Baba Kabula. Alikuwa mkulima wa vijiji vya nyuma ya vile vilima, mtu mrefu, mpole, fimbo yake ameipitisha mabegani na mikono miwili ameining'iniza juu yake, kama wafugaji wanavyotembea. Kwenye ncha moja ya fimbo lilining'inia tenga dogo, na ndani ya tenga jogoo mwekundu.

"Fundi, nataka picha," alisema baada ya salamu. "Kesho asubuhi napanda treni ya Mwanza, nivuke kwenda Geita kuchimba. Mama Kabula anasema nimwachie sura yangu, asije akaisahau. Hela sina, nimeleta huyu."

Mke wangu alimpokea jogoo. Mimi nilimvalisha koti, lilimkaa vizuri kuliko wote waliowahi kulivaa. Fundi alitazama mlangoni, mawingu yalikuwa yameanza kupasuka chini. Kisha alimkalisha Baba Kabula mbele ya ziwa la shuka.

Niliona kila kitu. Kibao kilikuwa mezani, kimefungwa kwa kamba tayari kwa baiskeli. Fundi aliingia ndani ya kitambaa, akafunua, akahesabu moja mpaka tano, akafunika. Baba Kabula alitulia kama jabali. Macho yake hayakupepesa.

"Imeingia?" aliuliza.

"Ukirudi wakati wa mavuno utaikuta," Fundi alisema, bila kumtazama. "Au mtume mama."

Ningeweza kusema neno. Nilikuwa nimeshika koti mkononi, nikalitundika. Nilijiambia atarudi tu, atapigwa tena, hakuna kilichoharibika. Fundi naye alijiambia hivyo hivyo, aliniambia baadaye. Baba Kabula alikwenda dukani kununua chumvi, Fundi akapanda baiskeli, na mimi nikala paja la jogoo jioni ile. Fundi aliporudi alisema, "Yamesimama kuliko siku zote," akajifungia kusafisha. Alipotoka hakunionyesha kitu. Nilidhani kioo kimemharibikia.

Baba Kabula hakurudi. Kabla ya mavuno shimo lilimfunika, katika mgodi mdogo ambao hata jina lake silikumbuki, akazikwa huko huko. Barua ilisomwa kijijini na mwalimu.

Mwezi wa sita Mama Kabula alikuja barazani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Alipiga magoti kidogo kusalimia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mayu. Mhola?" Fundi alimwita mama na kumwuliza hali kwa Kisukuma.

"Mhola. Nimekuja kwa ile picha ya Baba Kabula. Imeiva?"

Nilisimamisha cherehani. Nikasikia sauti ya Fundi, ndogo sana, "Bado, mayu. Haijaiva."

"Haya. Nitakuja." Akaacha michembe, akaenda zake.

Mwaka uliofuata alikuja tena baada ya mavuno, na uliofuata tena. Swali lake lilikuwa lile lile, jibu lilikuwa lile lile, na michembe iliachwa. Fundi hakuigusa ile michembe. Mimi watoto wangu waliila. Tangu mwaka ule wa kwanza hakumpiga mtu upepo tena, hata tarishi alipata picha yake ya kweli bure, akalalamika kwamba amezeeka ndani yake. Fundi alizidi kuwa mkali. Alimfukuza bwana harusi mmoja kwa kuvaa viatu vya kaka yake. Nilikuwa nikimtazama nikaona ni mtu anayepiga fimbo kivuli chake mwenyewe. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, na nilijikasirikia mimi, kwa zamu.

Mara moja nilimwambia, "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba imeungua."

"Haikuungua," alisema. "Uongo wa pili sitauweza."

Mama Kabula alikuja mara sita. Mwaka wa saba Fundi hakumngoja. Ilikuwa Mei, na Fundi alikuwa amekonda, kifua kinamsumbua kwa sababu ya zile dawa, na alikuwa amekwisha kuniambia kwamba mlango wa kushoto nitafute mtu mwingine wa kupanga. Alikuja kwangu mchana na bahasha.

"Funga duka," alisema. "Nisindikize."

"Wapi?"

"Kwa Mama Kabula."

Tulikwenda kwa miguu tukiisukuma baiskeli, kamera juu yake, kwa maana hakuwahi kuiacha. Koti nalo nililichukua, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Tulifika jua limeanza kuinama. Nyumba ya Mama Kabula ilikuwa chini ya mawe yale yale, upande wa pili. Alikuwa akipura mtama na binti yake Kabula, aliyekuwa msichana mkubwa sasa. Alitutandikia ngozi tukakaa. Hakuonyesha kushangaa.

"Mayu," Fundi alisema, "siku ile sikutia kioo. Nilikuwa nacho kimoja, nikayawekea mawe. Nilimdanganya mumeo, nikala jogoo wake, na wewe nimekudanganya miaka sita."

Mama Kabula aliendelea kupeta mtama mpaka ungo ukawa safi. Kisha akauweka chini.

"Najua," alisema.

Fundi aliinua uso.

"Aliniambia usiku ule ule. Aliwahi kuwabebea Wazungu mizigo, aliona wanavyopiga. Alisema, Fundi hakutia kile kibao. Huenda kimemwishia, akaona haya kumwambia mtu aliyetembea mbali. Alicheka. Akasema nikija nisimwaibishe, nimchukulie michembe, atasema mwenyewe."

"Na mimi sikusema."

"Hukusema," alikubali Mama Kabula. "Nilikuja kila mwaka kusikia kama utasema. Mwaka huu nilikuwa nimechoka."

Fundi aliitoa picha ndani ya bahasha, akampa kwa mikono miwili. Ilikuwa ya mawe. Nilikuwa sijaiona. Majabali yalikuwa yamesimama moja moja, kila ufa mahali pake, na chini yake njia. Njiani palikuwa na mtu, mdogo kama punje. Fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, na kivuli chake kimepanda juu ya jiwe, kirefu mara nne ya mwenyewe. Kwenye ncha ya fimbo, na kwenye ncha ya kivuli cha fimbo, lilining'inia tenga tupu.

"Sikumwona," Fundi alisema. "Nilikuwa naangalia jua, sikuangalia njia. Nilimwona usiku kwenye kioo. Wapita njia siku zote hufutika, mayu, kwa sababu wanatembea. Yeye alikuwa amesimama. Alisimama kuyatazama."

Mama Kabula alipitisha kidole juu ya lile tenga, si juu ya mtu. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. Kabula alikuja akachungulia begani kwake, akauliza ni nani.

"Baba yako," alisema. "Anarudi nyumbani."

Jua lilikuwa limefika chini ya mawingu. Nyuma ya nyumba mawe yalikuwa yameanza kubadilika, nami nilijua bila kuambiwa kwamba jioni ile yatasimama. Fundi naye alijua. Aliyatazama mara moja, akageuza uso.

"Una kioo?" Mama Kabula aliuliza.

"Kimoja."

"Nipige. Lakini hicho kibao nitakitia mwenyewe."

Fundi alisimamisha miguu mitatu. Alimwonyesha upenyo wa nyuma ya kamera, naye akakisukuma kibao kwa viganja vyote viwili, polepole, mpaka kikalia. Alikigonga kwa kidole kuhakikisha. Nilimpa Kabula koti aliweke mabegani mwa mama yake. Mama Kabula alilitambua, akalitazama kidogo, akanirudishia. Alisimama na kanga yake ya kazini, makapi ya mtama kichwani, picha ameikumbatia kifuani na mtu wa njiani ameelekezwa kwetu. Fundi alihesabu. Sauti ilimkatika kwenye tatu, akaendelea. Mama Kabula hakutikisika.

"Nitakuja kuichukua wiki ijayo," Mama Kabula alisema, Fundi alipofunika.

"Usije, mayu," Fundi alisema.

Tulirudi mjini. Siku ya tatu asubuhi nilifungua duka nikakuta mlango wa kushoto una kufuli, na baiskeli yake bado imeegemezwa ukutani. Muuza maziwa aliyekuwa akiingia mjini aliniambia amepishana na Fundi Picha karibu na mashamba ya pamba, anakwenda kwa miguu, anasimama kila hatua chache kukohoa, na mkononi ameshika bahasha mbele yake, kama mtu aliyebeba maji.